Bila Jina, Namba Saba

Liepāja, Novemba. Upepo wa Baltiki
ulitusukuma mlangoni kama wadaiwa.
Jumatano wazee hawalipi. Mimi nililipa nusu,
labda kwa sababu nilikuwa nimelowa chepechepe,
labda kwa sababu Mirdza, mkata tiketi,
hakuwa na chenji.
Akalitundika koti langu, akanipa kibati: saba.

Ndani, picha kumi na tisa za Ausma Rudzroga.
Hakuna mtu, hakuna mti,
hakuna meza wala tunda juu ya meza.
Rangi tu: zimemwagwa, zimekwanguliwa, zimepakwa tena,
kama mtu aliyesema jambo, akaghairi,
kisha akalisema kwa mdomo mwingine.
Bila Jina, moja. Bila Jina, mbili.
Kijitabu kinasema mchoraji hataki tuone kitu.
Anataka tuone rangi yenyewe, tupu,
kabla haijawa ya chochote.

Nilijaribu, wallahi.
Lakini lugha yangu hainiruhusu.
Nikisema kijani, jani limeshaingia.
Nikisema manjano, vidole vinanuka mchuzi.
Zambarau ni tunda, na ulimi umeshabadilika rangi.
Kahawia ina sufuria yake, inachemka.
Samawati: nimetoboa dari.
Hata nyekundu, ambayo haikuzaliwa na kitu,
haisimami peke yake, huuliza kwanza, ya nani?
Ua jekundu. Kitambaa chekundu. Macho mekundu.
Ausma amefagia chumba, amefunga mlango,
na mimi napitisha vyombo vyote dirishani
kimoja kimoja,
kama mwizi anayerudisha.

Mbele ya namba saba alisimama Visvaldis,
fundi vioo mstaafu, kofia mkononi.
Picha ilikuwa kubwa kuliko mlango wa ghala,
rangi moja kutoka pembe hadi pembe,
isipokuwa chini, kushoto, mkwaruzo
kama wa ukucha ulioteleza.
Tulizungumza Kirusi, chake cha jeshini, changu cha chuoni,
vyote viwili vikichechemea.

"Kwenu hii mnaiitaje?"
"Kijivu."
"Maana yake?"
"Ya jivu. Kinachobaki mekoni."
Alifikiri. Akasema kwao neno hilo
linakaa nyumba moja na jivu,
ila na panya pia,
na yeye tangu utotoni huona panya.
Tukageuka wote wawili kutazama,
yeye akitafuta mkia, mimi nikitafuta kaa la moto.
Mkwaruzo haukumsaidia yeyote.

Mirdza akaja na soksi anayoifuma,
sindano nne, kisigino bado.
"Wiki ya nne nakaa na hii," alisema. "Njooni huku."
Akatusimamisha ubavuni, shavu karibu na ukuta,
tuone unene wa turubai.
Huko kila kilichofunikwa kilikuwa kimechuruzika:
michirizi, matone yaliyoganda,
unywele mmoja wa brashi.
"Mbele ni kwa wageni," alisema. "Mimi naangalia hapa."
Visvaldis alivaa miwani, akavua, akavaa tena.
Hakumtaja panya.

Saa kumi na moja taa zikaanza kuzimwa kuanzia mwisho.
Nilitoa kibati. Makoti yote yaliyobaki
yalikuwa ya rangi ya namba saba.
Nilikuwa nimeshavuka reli za tramu
nilipotia mkono mfukoni, nikakuta glavu ya mtoto,
mbichi, imekunjwa ngumi.

Nikarudi mbio.
Mvulana alikuwa ameketi ngazini; mama yake,
ameshika koti langu kama samaki wa jana,
alikuwa akimwita kwa ukali, Renārs, Renārs, simama.
Tulibadilishana bila maneno.
Renārs hakushukuru. Alinyoosha mkono usio na glavu,
nikautazama kwa muda mrefu
kuliko nilivyotazama picha yoyote mle ndani:
mkono mwekundu.
Kisha akauvalisha.